Mawe Mawili Mfukoni

Andiko: Kumbukumbu la Torati 25:13–16, Amosi 8:4–6

Zamani bidhaa na fedha zilipimwa kwa mawe. Mfanyabiashara mjanja alibeba mawe mawili: zito la kununulia, jepesi la kuuzia. Mungu alichukizwa, na Amosi akaonyesha ni nani anayeumia: maskini.

Leo jiwe ni bei. Kwenye rafu unga umeandikwa 150, ukifika kwa keshia unalipa 165. Ama bei inapandishwa kwanza, halafu inashushwa na kuitwa "ofa". Ama pakiti inapunguzwa gramu na bei inabaki ile ile. Kwa duka, shilingi 15 si kitu. Kwa mama anayehesabu nauli ya kurudi nyumbani, ni kitu.

Basi tufanye nini?

1. Soma risiti kabla ya kutoka. Ukiona tofauti, sema kwa upole, lakini sema. Katiba yetu, Kifungu cha 46, inalinda haki za mnunuzi. Usimfokee keshia, mara nyingi si yeye aliyepanga bei.

2. Kama wewe ndiwe muuzaji, bei ya mgeni na ya jirani iwe moja. Gorogoro isibondwe chini.

3. Ukipewa chenji zaidi, rudisha. Anayelalamika akiibiwa na kunyamaza akizidishiwa, huyo pia ana mawe mawili.

Maombi: Bwana, tusaidie tuwe waaminifu sokoni kama tunavyoonekana kanisani. Amina.