Keki ya Bangi: Kabla Hujaongeza Kipande cha Pili

Wadogo zangu wa Nyanda za Juu, leo tuongee keki. Si ya kipaimara wala ya sendofu. Nasema ile inayoingia hosteli imefungwa kwenye foili, imekatwa vipande vidogo, na aliyeileta anakwambia, "Onja tu, hii si ya kuvuta, haina noma." Mmeniuliza kutoka Mwanjelwa, mmeniuliza kutoka Kihesa. Binti mmoja wa chuo hapo Iringa alipewa "juisi" kwenye besdei, akaja kupata fahamu zake vizuri kesho yake mchana. Mnauliza kwa kuzunguka, lakini swali ni moja: Dada, mtu mzima anayeanza, akila kwa kiasi, kuna shida gani?

Nitawajibu kama ninavyomjibu mdogo wangu wa tumbo moja.

Kwanza sheria. Tanzania hakuna bangi halali, iwe ya kuvuta, ya kula au ya kunywa. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haiihurumii bangi kwa kuwa imefichwa ndani ya biskuti, na anayelima anaweza kufungwa miaka 30. Najua wa Kyela mtaniambia ng'ambo ya Mto Songwe wenzetu wameruhusu. Malawi mwaka 2020 walipitisha sheria ya bangi ya dawa na ya viwandani, kwa leseni. Haikuwa ruhusa ya kujiburudisha. Afrika Kusini Mahakama ya Katiba iliruhusu mwaka 2018 mtu mzima kutumia faraghani, na ruhusa hiyo haivuki Kasumulu pamoja na mzigo wako.

Sasa tuje kwenye mwili, maana hapa ndipo wengi mnapoumia kwa kutojua.

Anayevuta anasikia ndani ya dakika chache, na akiona imemzidi anaacha. Anayekula hana nafasi hiyo. Bangi inapita tumboni, inafika kwenye ini, na ini linaigeuza ile kemikali yake ya kulevya, THC, kuwa ya aina nyingine inayoingia kwenye ubongo kwa nguvu zaidi. Safari hiyo inachukua nusu saa, mara nyingine saa mbili, hasa ukiwa umeshiba ugali. Kilele kinaweza kuja saa mbili hadi nne baada ya kula, na ulevi wenyewe ukadumu saa sita, hata kumi na mbili. Usingizi na uzito wa kichwa unaweza kuamka nao kesho.

Angalia inavyotokea. Mtu anakula kipande saa mbili usiku. Saa tatu kasoro hajasikia kitu, wenzake wanamcheka, anasema hii feki, anaongeza cha pili. Saa nne vipande vyote viwili vinamfikia kwa pamoja. Moyo unakimbia, mdomo umekauka, ukuta kama unasogea, dakika tano anaziona saa nzima, na ana hakika anakufa.

Mwaka 2014, kule Denver, Marekani, bangi ikiwa ndiyo kwanza imeanza kuuzwa dukani kihalali, kijana wa miaka 19, mwanafunzi kutoka Kongo-Brazzaville, alinunuliwa biskuti. Muuzaji alimwelekeza ale moja ya sita tu. Akala hiyo, akasubiri kati ya nusu saa na saa nzima, akaona kimya, akamaliza iliyobaki. Baadaye alianza kuongea mambo yasiyoeleweka na kufanya fujo, na saa chache tangu aanze kula aliruka kutoka ghorofa ya nne. Hakuwa mlevi wala mhuni. Alikuwa mgeni wa kitu hicho, na aliongeza mapema.

Na biskuti ile ilikuwa imepimwa kiwandani, lebo ipo, muuzaji kamwelekeza. Kanada, walikoruhusu vyakula vya bangi mwaka 2019, pakiti nzima hairuhusiwi kuzidi miligramu 10 za THC, na anayeanza anashauriwa asivuke miligramu 2.5, kisha asubiri saa kadhaa. Vinywaji vya viwandani navyo vinatengenezwa vishike haraka zaidi. Haya, keki ya kwenye foili kaipima nani? Majani yametoka shamba asilolijua mpishi, au ni skanka, ambayo ni kali zaidi. Yamekorogwa kwa mwiko kwenye sufuria, na kona moja ya trei inaweza kubeba mara nyingi ya kona nyingine. Rafiki yako akila akacheka, wewe wa pembeni yake ukala ukazimia, wala hajakudanganya. Hata yeye hajui.

Kwa hiyo mdogo wangu, unaponiuliza kuhusu kula kwa kiasi, jibu langu ni usile, kwa sababu kiasi chenyewe hapa kwetu hakipo.

Lakini nisingekuwa dada yenu kama ningeishia hapo, maana wapo waliokwishakula wakati wanasoma. Usiongeze. Usinywe pombe juu yake. Iringa hapa nawasema kwa jina: mvua zikianza ulanzi unashuka, asubuhi ni mtogwa mtamu, jioni hiyohiyo ndani ya dumu umeshachachuka kuelekea mkangafu. Mtu anadhani anakunywa kilaini, kumbe anaweka pombe juu ya bangi, na vyote viwili vinamlewesha kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Usipande bodaboda, wala usiendeshe, mpaka kesho. Mteremko wa Kitonga na ule wa Mlima Nyoka hausubiri ubongo uliochelewa.

Aliyezidiwa akiwa macho, mkalishe sehemu tulivu, taa isiwe kali, umfunike, maana baridi ya Mbeya mnaijua. Mpe maji kidogo kidogo. Mwambie, "Ni ile keki, itapita, nipo hapa," na uwepo kweli, usimfungie chumba ukaondoka. Akitaka kulala, mlaze kwa ubavu na umwangalie anavyopumua.

Suala la maziwa nalitaja peke yake kwa sababu kila hosteli lina wakili wake. Maziwa hayakati bangi. THC inapenda mafuta, ndiyo maana wanaipika na siagi. Na mtu aliyelegea ukimmiminia maziwa kinywani yanaweza kuingia kwenye mapafu. Maji ya chumvi ya kumtapisha, kumwagia maji ya baridi, makofi ya kumwamsha, acheni vyote.

Akiwa haamki, anapumua kwa shida, ana degedege, kifua kinambana, anatapika mfululizo au anataka kujidhuru, ni hospitali bila kujadiliana. Ukifika umwambie nesi ukweli: kala keki ya bangi, saa fulani, kipande kiasi hiki, na kanywa hiki. Ukisema ni malaria unampotezea mwenzako muda. Mtoto mdogo akiokota kipande, usisubiri dalili hata moja. Mtoto haoni bangi, anaona keki, na kipande kinachomlaza mtu mzima kinaweza kumfanya yeye ashindwe kupumua.

Wajawazito na wanaonyonyesha, THC inamfikia mtoto, tumboni na kwenye maziwa. Mwenye tatizo la moyo, au ambaye yeye au ndugu yake wa karibu amewahi kuugua akili, huyu akae mbali kabisa. Na walio chini ya miaka 25 au hapo hapo, ubongo wenu bado unakomaa. Ndio wengi wenu mnaonisoma.

Kumlisha mtu bila kumwambia ni ukatili, hata mkicheka wote. Mabinti, mkienda kwenye sherehe nendeni wawili, mrudi wawili, na chakula ambacho aliyekileta hataki kusema kina nini, muacheni nacho.

Yule aliyeniandikia kwamba sasa hapati usingizi bila kutafuna kitu: ndugu yangu, methadone wanayotoa kliniki ni ya heroini na jamii yake, haitakusaidia wewe. Nenda kitengo cha afya ya akili, Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mbeya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa kama upo Iringa, useme unataka kuacha bangi. Ukiona aibu kuanzia hospitali, piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, uulize wapi pa kupata unasihi karibu na ulipo. Wiki ya kwanza usingizi utakusumbua na hasira zitakuwa karibu, kwa hiyo mwambie mtu mmoja unayelala naye chumba kimoja ajue kwa nini.