Mwenye Kufuli Hasinzii

Geti la fleti zetu hapa Othaya Road, Kileleshwa, lina soja mmoja na ufunguo mmoja. Akisinzia na ufunguo mfukoni, magari yanapangana hadi barabarani, na hakuna dereva anayezima injini, maana kila mmoja anajua ni suala la sekunde tu. Spinloki ndani ya kerneli ya Linux iko hivyo. Anayeingoja haendi kufanya kazi nyingine. Anazunguka papo hapo akila prosesa. Ndiyo maana aliyeishika haruhusiwi kuita kazi (function) yoyote inayoweza kulala, iwe ni kungoja mtandao, diski au kumbukumbu.

Niliivunja sheria hiyo mwenyewe, nikirekebisha msimbo wa mteja wa SMB, ule unaokufungulia folda ya seva ya ofisi kana kwamba iko kwenye laptopu yako. Unakaa fs/smb/client; kabla ya 2023 ulikuwa fs/cifs. Wiki nzima mambo yalienda sawa. Hapo ndipo kosa hili linapoudhi: kazi inaweza kulala lakini mara nyingi hailali, basi unapita kwa bahati.

Jenga kerneli ukiwa umewasha CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP, CONFIG_DEBUG_PREEMPT na CONFIG_PROVE_LOCKING. Iendeshe ndani ya mashine pepe ya QEMU, na seva ya Samba kwenye nyingine, ili ikiganda isigande na kazi zako zote. Sasa kila kazi iliyo na might_sleep() itakushtaki ikiitwa mahali pabaya, hata kama safari hiyo haikuwa na haja ya kulala. Niliunganisha folda, nikaorodhesha saraka kadhaa, nikaitoa kwa umount. dmesg ikapiga kelele: "BUG: sleeping function called from invalid context at fs/dcache.c", na chini yake in_atomic(): 1.

Usikimbilie fs/dcache.c. Hapo ni kwa aliyepiga mayowe tu, dput() maskini, kazi ya kuachia rejea ya saraka, hana hatia. Shuka hadi orodha ya kufuli zilizoshikwa, kisha "Preemption disabled at:". Hapo ndipo alipo mkosaji. Ipe scripts/decode_stacktrace.sh ripoti nzima ikutajie faili na mstari. Anza na ripoti ya kwanza kabisa, kwani kerneli haitoi zaidi ya moja kwa sekunde na nyingine humezwa. Yangu ilinipeleka kwenye kitanzi kifupi: spin_lock(), pitia saraka zilizohifadhiwa, dput() kwa kila moja, spin_unlock().

Wengi hapa hubadilisha bendera ya GFP_KERNEL kuwa GFP_ATOMIC na kwenda kulala. Hiyo inafaa tu pale kinacholala ni ombi la kumbukumbu, na hata hapo ombi lenyewe hushindwa kwa urahisi zaidi. dput() haina bendera kama hiyo. Kuweka myuteksi badala ya spinloki? Inawezekana, ila ukague kila anayeshika kufuli hilo. Mmoja tu akiitwa kutoka kwenye intarapti, umekwama.

Dawa ilikuwa kugawa kazi mara mbili. Ukiwa na kufuli, toa kila saraka kwenye orodha kuu kwa list_move(), uiweke kwenye orodha ya muda isiyoonekana na mwingine. Achia kufuli. Kisha pitia orodha hiyo ukiita dput() kwa starehe. Usijaribu kuachia na kushika tena katikati ya kitanzi: ukirudi, saraka iliyokuwa inafuata huenda mwenzako keshaifuta, nawe unakanyaga hewa.

Nilirudia umount mara nyingi, pakiti zikiwa zimecheleweshwa kwa tc netem. Kimya. Nikazima Samba katikati ya kazi, na kelele zikarudi: njia ya kuunganika upya ilikuwa na kitanzi kile kile, nilichokinakili kwa mkono wangu.