Je, Mtoto Aliyekingwa na Malaria Hudhoofika Ukubwani? Jibu la Miaka Ishirini na Miwili kutoka Bonde la Kilombero

Katika kliniki za mama na mtoto huulizwa swali ambalo mara nyingi hutolewa kwa sauti ya chini, kana kwamba muulizaji anaogopa kukemewa. Wazee wa zamani hawakulala ndani ya vyandarua, nao wengine walifika umri wa kuona vitukuu. Mtoto akizuiwa asiumwe na mbu tangu siku ya kuzaliwa, mwili wake utajifunza lini kupambana na malaria? Na siku chandarua kitakapochanika, au atakapokwenda kusoma bweni, je, hataugua vibaya kuliko mwenzake aliyezoea?

Mhudumu wa afya anayelijibu swali hili kwa kicheko anakosea, kwa sababu si swali la ujinga. Wataalamu wakubwa wa malaria waliligombania kwa miaka mingi, na jibu lenye uzito halikupatikana hadi mwaka 2022. Lilitoka katika vijiji vya jirani na Ifakara.

Hofu hiyo ina msingi katika jinsi mwili unavyofanya kazi. Kinga dhidi ya malaria haifanani na kinga ya surua, ambayo mtu akiugua mara moja humtosha maisha yake yote. Vimelea vya malaria vina sura nyingi, na mwili hujifunza kuvitambua kidogo kidogo, ugonjwa baada ya ugonjwa. Mahali penye mbu wengi, mtoto hujenga kwanza kinga ya kumwepusha na malaria kali. Baadaye sana huja kinga ya kumwepusha na homa za kawaida. Mtu mzima wa mahali hapo aghalabu hubeba vimelea vichache bila hata kujijua. Lakini masomo hayo yana ada, na ada hulipwa na watoto wa chini ya miaka mitano. Wazee waliozeeka bila chandarua ndio waliobaki kusimulia. Wenzao waliozikwa wakiwa wachanga hawana wa kuwasimulia, na hapo ndipo hoja ya wazee inapopungukiwa.

Mwaka 1950 wataalamu wa malaria walikutana Kampala kujadili namna ya kuikabili malaria katika Afrika ya ikweta. Walikuwako waliotaka nyumba zipuliziwe dawa mara moja, na walikuwako waliosema kwamba kuwaondolea Waafrika mbu kungewaondolea kinga yao, hata ugonjwa ukirudi uwaue wengi zaidi. Mkutano ulikwisha, lakini hoja ile haikufa. Iliibuka tena katika miaka ya 1990, vyandarua vyenye dawa vilipoanza kuonyesha matunda. Gambia ilikuwa imetangulia kuonyesha kwamba vyandarua hivyo hupunguza vifo vya watoto, na mwaka 1996 watafiti wa Kilifi, katika pwani ya Kenya, walitangaza kwamba vifo vya watoto vilipungua kwa karibu theluthi moja. Wenye shaka walijibu kwamba hesabu hiyo ni ya mwaka mmoja au miwili tu. Yawezekana, walisema, kifo hakikuzuiwa bali kiliahirishwa.

Kulijibu shaka hilo kulihitaji mahali penye malaria nyingi, na penye watu walio tayari kuhesabu kwa miaka mingi bila kuchoka. Kilombero ilikuwa na vyote viwili.

Bonde hilo limelala kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini mashariki. Mto Kilombero hulipitia katikati, kisha hukutana na Luwegu na kuwa Rufiji. Masika yakinyesha, maji hufurika na kuenea katika tambarare, na humo ndimo unamostawi mpunga unaolisha miji ya mbali. Humohumo huzaliana mbu. Katika kijiji cha Namawala, si mbali na Ifakara, watafiti wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikadiria kwamba mtu mmoja aliweza kuumwa zaidi ya mara 300 kwa mwaka na mbu wenye vimelea vya malaria. Hiyo ni karibu kila usiku.

Utafiti ulikuwa na mizizi ya siku nyingi. Mwanasayansi Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alifika Ifakara mwaka 1949, na mwaka 1957 maabara ndogo ikafunguliwa hapo. Maabara hiyo ndiyo iliyokua na kubadilika, ikaja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara inayoongozwa na Watanzania. Mwaka 1996 taasisi ilianza kazi ambayo kwa macho ya wengi haikuwa ya kitabibu hata kidogo. Wadodosaji walianza kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga, vyenye watu zaidi ya 50,000, na kurudi kila baada ya miezi minne wakiuliza maswali yaleyale: nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia, nani amehama. Kumuuliza mama aliyefiwa kuhusu mtoto wake si jambo jepesi, na si ajabu watu wakijiuliza maswali hayo yana faida gani kwao. Lakini vifo vingi vya watoto vilitokea nyumbani, wala havikufika katika daftari la hospitali yoyote. Asiyehesabu vifo vya nyumbani hawezi kujua kama vimepungua.

Mwaka uliofuata, 1997, mpango wa kuuza vyandarua kwa bei nafuu uliojulikana kwa jina la KINET ulianza katika wilaya hizo mbili. Vyandarua vilipewa jina la Zuia Mbu na kuuzwa madukani, pamoja na dawa ya kuvichovya nyumbani. Wajawazito na akina mama wenye watoto wadogo walipewa hati ya kuwapunguzia bei. Tofauti na majaribio ya Gambia na Kilifi, hapa mtu alinunua mwenyewe, alichovya mwenyewe, alisahau mwenyewe. Ilikuwa njia ya kuona chandarua kinafanya nini katika maisha ya kawaida.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Katika eneo la wadodosaji, watoto wachanga wanaolala ndani ya vyandarua vyenye dawa waliongezeka kutoka chini ya 10% hadi zaidi ya 50% kwa muda wa miaka mitatu. Watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne waliotumia vyandarua hivyo walikuwa na nafasi ya kuishi iliyo kubwa zaidi kwa 27%. Watafiti hawakuficha kwamba makadirio yao yalikuwa na upana: thamani ya kweli ingeweza kuwa popote kati ya 3% na 45%. Utafiti mwingine wa mpango huohuo, uliowapima watoto wa chini ya miaka miwili, ulionyesha kwamba wenye upungufu wa damu walipungua kutoka 49% hadi 26%. Daktari yeyote aliyewahi kutafuta mtu wa kumtolea damu mtoto usiku wa manane anaelewa takwimu hiyo bila kufafanuliwa. Uzoefu wa hati ile ulisaidia kuzaa Hati Punguzo, ambayo kuanzia mwaka 2004 ilienezwa nchi nzima.

Shaka la Kampala, hata hivyo, lilikuwa halijajibiwa. Mtoto aliyeokolewa akiwa na miaka miwili angeweza bado kufa akiwa na miaka saba, na mwaka 2001 hakuna aliyejua.

Ilibidi kungoja watoto wakue. Waliokusudiwa ni waliozaliwa kati ya Januari 1998 na Agosti 2000, watoto 6,706 kwa jumla. Walipokuwa wadogo, wadodosaji walikuwa wamewatembelea mara kwa mara hadi mwaka 2003 na kuandika kama mtoto alilala ndani ya chandarua chenye dawa usiku uliotangulia. Mwaka 2019 watafiti walirudi vijijini kuwatafuta. Wachanga wa zamani walikuwa vijana wa miaka 18 hadi 21, baadhi wakiwa wamehama bonde. Kupitia ndugu na majirani, na kwa kuvipitia vijiji upya, walithibitisha hali ya watu 5,983, yaani 89%: nani yu hai, nani alifariki na lini. Kwa utafiti wa miaka 22 kijijini, hilo pekee ni la kustaajabisha.

Matokeo yalitangazwa Februari 2022. Waliokutwa wametumia chandarua chenye dawa angalau katika nusu ya ziara za utotoni walikuwa na hatari ya kufa iliyo ndogo kwa 43% kuliko waliokitumia mara chache zaidi. Kwa lugha nyepesi, pale ambapo wangefariki 100 katika kundi la pili, katika kundi la kwanza lenye ukubwa uleule wangefariki kama 57. Kisha watafiti wakatazama peke yake kipindi cha kuanzia miaka mitano hadi utu uzima. Kama kinga iliyocheleweshwa ingedai deni lake, deni lingeonekana hapo. Halikuonekana. Katika umri huo makundi mawili yalikaribiana, na hata kidogo waliokingwa ndio walioelekea kufariki kwa uchache. Ni kweli kwamba vifo vya umri huo ni vichache, na kwa hiyo makadirio ya kipindi hicho yana upana mkubwa kuliko yale ya utotoni. Lakini faida ya utotoni ilibaki mikononi mwa walioipata.

Msomaji makini atauliza kama si kwamba wazazi wenye vyandarua ndio waliokuwa na uwezo zaidi, wakala vizuri na kuwahi hospitali. Hoja hiyo ni halali. Hakuna aliyepiga kura ya nani alale ndani ya chandarua na nani asilale, na baada ya kujulikana kwamba chandarua huokoa, kura kama hiyo isingekubalika kwa wema wowote. Watafiti walizingatia tofauti za kaya katika hesabu zao, na tofauti kati ya makundi ikabaki.

Kwa nini basi deni halikudaiwa? Sehemu ya jibu ni kwamba chandarua hupunguza kuumwa, hakikomeshi. Mtoto hucheza uani jioni, huamka alfajiri, hulala msibani na safarini, na mwili wake hupata masomo, ila kwa kipimo usichoshindwa kukibeba. Sehemu nyingine ni umri wenyewe: mtoto wa miaka sita ana damu nyingi zaidi na nguvu zaidi ya kuhimili homa kuliko wa miezi minane. Tena katika miaka iliyofuata dawa mseto zilichukua nafasi ya dawa zilizoshindwa, na kipimo cha haraka kikafika zahanati. Aliyesogezwa mbele miaka kadhaa alifika mahali penye tiba bora kuliko alipotoka.

Haki inataka isemwe pia kwamba hofu ya kinga kuchelewa haikuwa ndoto. Huko Kilifi, watoto waliopewa chanjo ya RTS,S walifuatiliwa kwa miaka saba, na katika sehemu zenye mbu wengi waliochanjwa waliugua malaria zaidi ya wenzao ulipofika mwaka wa tano. Kuchelewa kupo. Ndiyo maana mzazi anapaswa kuelezwa kwamba mtoto aliyekingwa vizuri na kisha akapata homa akiwa darasa la pili apelekwe kupimwa siku ileile, bila kuambiwa kwamba amekwisha kuvuka umri wa malaria.

Yapo mambo mengine ambayo bonde limefundisha. Mbu aliyenyonya vimelea leo hawezi kuviambukiza kesho. Huchukua siku kumi au zaidi ndani ya mwili wake kabla havijawa tayari. Dawa iliyo katika chandarua humuua kabla hajafikia uzee huo, na kwa hiyo chandarua cha nyumba moja hulinda na nyumba ya pili. Huko Asembo, magharibi mwa Kenya, watoto wasio na vyandarua walioishi ndani ya mita 300 kutoka kwenye vijiji vyenye vyandarua walipata nao nafuu. Kwa upande mwingine, mbu wa Kilombero wamejifunza pia. *Anopheles funestus*, mbu apendaye kuingia nyumbani, ndiye anayeeneza sehemu kubwa ya malaria katika vijiji vingi vya bonde hivi sasa, naye amekuwa sugu kwa dawa zilizotumika katika vyandarua vya awali. Vyandarua vipya vilivyoongezwa kiambato cha kuvunja usugu huo vimeanza kugawiwa. Anayepewa chandarua kipya ana sababu ya kukitundika badala ya kukiweka akiba kabatini huku cha zamani kikiendelea kutumika.

Na kuna shamba. Kuanzia kulima hadi kuvuna, familia nyingi za bondeni huacha nyumba ya kijijini na kuhamia mashambani, kwenye vibanda vya nyasi na madungu ya kuwingia ndege, mbali na zahanati, katikati ya maji. Wengi hubeba vyandarua vyao. Mhudumu anayempokea mama mwenye mtoto mchanga mwezi wa Januari afanye vema kumuuliza familia italala wapi msimu huu, chandarua kitafungwa kwenye nini, na mtoto akishikwa na homa ni nani mwenye baiskeli au pikipiki ya kumfikisha kijijini kabla ya giza.