Jiwe Halizoei Kupaa

Okota jiwe dogo ulirushe juu. Litapanda, kisha litarudi chini. Lirushe mara mia leo na mara mia kesho. Hata mwaka ukiisha, halitajifunza kubaki angani. Sasa mtazame mtoto anayejifunza baiskeli. Siku ya kwanza anaanguka na kuchubuka magoti. Baada ya majuma machache anapita uwanjani akipunga mkono mmoja. Jiwe halikupata kitu kwa kurushwa, lakini mtoto amepata kitu kwa kuanguka. Amepata nini?

Mfano wa jiwe ni wa Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo. Alitaka tuone kwamba kuna vitu visivyogeuzwa na mazoea, na kwamba binadamu si kimojawapo. Kila tunalotenda hutuachia alama. Tukitaka kuelewa fadhila katika maisha ya Mkristo, tuanzie kwenye alama hiyo.

Matendo yanayofanana

Fikiria wauza duka watatu. Kila mmoja amepokea noti ya elfu kumi kutoka kwa mteja anayedhani ametoa elfu tano, na mteja ameanza kuondoka. Wa kwanza anamwita kwa sababu jirani anatazama. Wa pili anaishika noti, anakumbuka ada ya mwanawe, anashindana na nafsi yake, mwishowe anamwita. Wa tatu anamwita kabla hajavuka kizingiti, kisha anaendelea kupima sukari.

Kwa wateja wote watatu, pesa imerudi. Ukihesabu noti tu, hutaona tofauti yoyote, kwa kuwa tofauti iko ndani ya watendaji. Wa kwanza anaongozwa na hofu. Wa pili yuko njiani, na anastahili heshima kwa vita aliyopigana. Wa tatu ana fadhila ya haki. Basi fadhila ni uwezo uliotulia ndani ya mtu, unaomfanya atende mema kwa wepesi, kwa uthabiti na kwa furaha. Tendo moja jema ni tone. Fadhila ni kisima.

Alama inavyochorwa

Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Seli hizo hupeana taarifa katika maungano yake. Mwaka 1949 mwanasaikolojia wa Kanada, Donald Hebb, alipendekeza kwamba seli moja inapochangia tena na tena kuiamsha nyingine, muungano kati yao huimarika. Ni kama njia ya mguu porini: wa kwanza hupita akikata majani, wa mia hupita akipiga mluzi.

Njia hiyo huchukua muda gani kufunguka? Watafiti wa London wakiongozwa na Phillippa Lally waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akijizoeza jambo moja dogo la kila siku, kama kunywa maji baada ya mlo. Kwa wastani zilihitajika siku 66 hadi jambo lianze kujiendesha lenyewe. Wengine walikadiriwa siku 18, wengine 254. Tena waligundua kuwa kukosa siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Anayejifunza subira, kisha akafoka siku moja, na ashike hilo moyoni: njia haifutiki kwa siku moja.

Mwizi naye ana mazoea

Hapa tusimame kidogo. Mwizi hodari naye amejizoeza. Vidole vyake ni vyepesi na moyo wake hautetemeki. Kwa hiyo mazoea peke yake hayatoshi kuitwa fadhila. Lazima yaelekee lililo jema, na lazima akili iwe macho. Mama mwenye subira hamtendei mtoto mwenye homa sawasawa na mtoto mkaidi, kwa kuwa subira yake ina macho.

Ndiyo maana Kanisa huitaja busara kwanza kati ya fadhila nne kuu, zikifuata haki, nguvu na kiasi. Kilatini huziita kwa neno litokanalo na bawaba: maisha yote ya maadili huzunguka juu yake kama mlango.

Neno lenye maana mbili

Mpaka hapa hata asiyemjua Kristo angekubaliana nasi. Mkristo anaongeza swali: je, mazoezi yanaweza kumfikisha mtu kwa Mungu? Mwaka 1517 Martin Luther alimpinga Aristotle waziwazi kwa hoja kwamba hatufanywi wenye haki kwa kutenda haki. Tukishafanywa wenye haki, ndipo tunatenda haki. Hoja hiyo ni nzito. Kuhusu haki ya dukani sisi ni yule mtoto wa baiskeli. Kuhusu uzima wa Mungu sisi ni lile jiwe: haliwezi kujizoeza kupaa, ila mkono unaweza kuliinua.

Kiswahili chetu kimeuhifadhi ukweli huu ndani ya neno moja. Tunaposema fadhila ya punda ni mateke, tunazungumzia hisani, kitu ulichotendewa bure. Tunaposema fadhila ya kiasi, tunazungumzia wema uliokomaa ndani ya mtu. Neno ni lile lile kwa kipawa na kwa tabia. Mapokeo ya Kikatoliki husema imani, matumaini na mapendo ni fadhila za Kimungu, kwa sababu Mungu mwenyewe huzitia rohoni.

Je, kipawa kinafuta mazoezi? Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alikiri kwamba aliyepokea neema anaweza bado kuona ugumu wa kutenda mema, kwa sababu mazoea ya zamani yameacha mabaki. Mlevi aliyeongoka Jumapili hupita mbele ya kilabu Jumatatu, na miguu yake bado inaijua njia. Wongofu wake si wa uongo. Amepewa nguvu ya kufungua njia mpya, na njia hufunguliwa kwa kupitwa. Waraka wa pili wa Petro unafuata mpangilio huo: kwanza unasema Mungu ametukirimia yote tunayoyahitaji, halafu unatuhimiza tujitahidi, tukiongeza juu ya imani wema, maarifa, kiasi na saburi, hadi upendo.

Kipimo

Fadhila hupimwaje? Tanzania ina mfano ulio karibu. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza Mwalimu Julius Nyerere mwenye heri, naye huitwa Mtumishi wa Mungu. Katika mchakato wa namna hiyo Kanisa hukusanya ushahidi wa waliomfahamu mtu na maandishi yake, likiuliza kama aliziishi fadhila kwa kiwango cha kishujaa. Hotuba moja tukufu haitoshi. Hutafutwa uthabiti wa miaka, hata siku ambazo hakuna aliyepiga makofi.

Kipimo hicho kinatufaa sote. Usijiulize tu kama leo umetenda jema. Jiulize kama limekuwa jepesi kuliko mwaka jana. Kama bado ni zito, omba, kisha mwite mteja umrudishie noti yake. Unapomwita, mkono ulioliinua jiwe unafanya kazi, na njia ndani yako inapanuka kidogo.