Namna ya Kulipa Madeni ya Nyumbani na Kuweka Akiba Pamoja

Wasomaji wetu, wahenga walisema: Dawa ya deni ni kulipa. Tena walisema: Akiba haiozi. Watu wengi hudhani ya kuwa maneno haya mawili yapingana, kwa maana shilingi moja haitumiki mara mbili: mtu akilipa deni hana akiba, na akiweka akiba deni lamngoja. Katika somo hili tutaonyesha ya kuwa mambo haya mawili huweza kufanywa pamoja, kila moja kwa kipimo chake.

Zamani mtu alikopa kwa mwenye duka, kwa ndugu, au kwa chama cha ushirika, na kila mara ilimpasa kwenda kuomba kwa kinywa chake mwenyewe. Siku hizi mkopo u mkononi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007. M-Shwari ikafuata mwezi wa Novemba 2012, na Fuliza mwaka 2019. Kisha wakopeshaji wengine wengi wakaingia njia hiyo hiyo. Hatukatai ya kuwa mikopo hiyo imewafaa watu wengi wakati wa dhiki. Lakini mtu aweza kukopa usiku wa manane, naye yu kitandani, asiuone uso wa mdai wake, wala mwenziwe aliyelala karibu asijue. Hapo ndipo hatari ilipo.

1. Andikeni madeni yote

Jambo la kwanza ni daftari. Tuchukue mfano wa nyumba moja ya mjini, yenye mume, mke na watoto watatu. Mshahara, baada ya kukatwa kodi ya serikali na malipo ya mkopo wa SACCO, ni Shs. 32,000/- kwa mwezi. Kodi ya nyumba, chakula, nauli na karo huchukua Shs. 28,500/-. Basi husalia Shs. 3,500/-, nazo hazijulikani ziendako.

Jioni moja mume asema, "Mama Watoto, leo tuambiane kweli. Nina deni la simu ambalo sikukuambia." Naye mke ajibu, "Nami nimekopa dukani, Baba Watoto. Nilikuogopa." Mazungumzo hayo ni magumu, lakini bila ya hayo hakuna hesabu itakayofaa, maana hasara ya deni lililofichwa huwapata wote. Wakaandika hivi:

Deni la simu: Shs. 6,000/-, hutozwa 7.5 kwa mia kwa kila siku 30.
Deni la duka: Shs. 4,000/-, halina riba.
Deni la SACCO: Shs. 40,000/-, riba 1 kwa mia kwa mwezi juu ya fedha zilizobaki.
Jumla: Shs. 50,000/-.

2. Deni dogo laweza kuuma kuliko kubwa

Mtu akitazama upesi ataogopa deni la SACCO, kwa kuwa ndilo kubwa. Lakini na apige hesabu. Riba ya SACCO kwa mwezi wa kwanza ni Shs. 400/-. Malipo ya deni la simu ni Shs. 450/-. Deni la shilingi elfu sita lala fedha nyingi kuliko deni la shilingi elfu arobaini! Tena 7.5 kwa mia kwa mwezi, ikihesabiwa kwa miezi 12, ni 90 kwa mia kwa mwaka.

Kwa hiyo deni la simu lilipwe kwanza. Deni la SACCO liendelee kulipwa kama walivyopatana, pasipo kuongeza wala kupunguza. Na deni la duka? Halina riba, lakini lina heshima. Mwenye duka naye ananunua bidhaa kwa fedha. Mume au mke na amwendee, amwambie waziwazi ni mwezi gani ataanza kulipwa, na toka siku hiyo wanunue kwa fedha taslimu tu. Mdai aliyepewa habari huweza kuvumilia. Mdai anayekimbiwa hukasirika.

3. Kwa nini kuweka akiba kabla deni halijaisha?

Mtu mwenye hesabu nzuri atauliza: "Ikiwa deni lala 7.5 kwa mia kila mwezi, yafaa nini kuweka akiba isiyozaa hata 1 kwa mia? Si afadhali kulipa deni kwa fedha zote?" Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kwa tarakimu.

Mwisho wa mwezi wa kwanza deni la simu limekuwa Shs. 6,450/-. Wakilipa Shs. 3,500/- zote, zabaki 2,950/-, na kwa malipo ya mwezi wa pili zinakuwa 3,171/-. Mwezi wa pili deni limekwisha. Wameongezewa Shs. 221/- tu.

Sasa wafanye njia ya pili: kila mwezi Shs. 2,500/- kwa deni na Shs. 1,000/- kwa akiba. Mwezi wa kwanza zabaki 3,950/-, zinakuwa 4,246/-. Mwezi wa pili zabaki 1,746/-, zinakuwa 1,877/-. Mwezi wa tatu wanalipa hizo 1,877/- zote, na Shs. 1,623/- zilizosalia zinaingia katika akiba. Deni limekwisha, na akiba ni Shs. 3,623/-. Katika njia hii wameongezewa Shs. 427/-.

Tofauti ya njia hizi mbili ni Shs. 206/-. Hiyo ndiyo bei ya kuwa na akiba kidogo ndani ya miezi hiyo mitatu. Je, ni ghali? Fikirini: katika mwezi wa kwanza mtoto apata homa usiku, na dawa ni Shs. 900/-. Nyumba iliyolipa fedha zote haina kitu. Mkopeshaji wa kwanza hatatoa mkopo mpya kabla ya ule wa kwanza kwisha. Basi watamwendea wa pili, na huyo ana siku zake na malipo yake. Mwezi wa pili watakopa kwa wa tatu ili kumlipa wa pili. Ndivyo deni moja linavyozaa manne. Tena mara nyingi malipo hutozwa kwa mkopo mzima, hata ukirudisha fedha baada ya siku tano. Lakini nyumba yenye Shs. 1,000/- kando hununua dawa na kulala.

Ila akiba ya mwanzo iwe ndogo. Mtu anayelimbikiza Shs. 20,000/- huku deni la simu linamla ni kama ajazaye pipa lililotoboka.

4. Baada ya deni la simu kwisha

Mwezi wa nne na wa tano, Shs. 2,000/- ziende dukani na 1,500/- katika akiba. Deni la duka limekwisha, na akiba ni Shs. 6,623/-. Toka mwezi wa sita hata wa kumi na mbili, Shs. 3,500/- zote ziwekwe. Pasipo tatizo kutokea, mwaka utakwisha wakiwa na Shs. 31,123/-, yaani zaidi ya matumizi ya mwezi mmoja. Tatizo likitokea, safari itakuwa ndefu zaidi, lakini hawatarudi nyuma walikotoka. Haba na haba hujaza kibaba. Kisha waendelee mpaka wafikie matumizi ya miezi mitatu.

5. Mahali pa kuiweka

Akiba ya dharura isikae mahali inapoweza kutumika kwa chai na nauli, wala isiwe mbali hata isipatikane usiku wa ugonjwa. Amana za SACCO ni nzuri, lakini si akiba ya dharura, kwa sababu mwanachama hawezi kuzichukua ila akijitoa, na hata hapo hungoja. Fedha za chama cha kupeana kwa zamu nazo huja kwa zamu, na ugonjwa haujui zamu. Afadhali hesabu ya pekee katika benki. Toka Julai 2020 amana za kila mwenye hesabu katika benki zilizo chini ya Shirika la Bima ya Amana la Kenya zalindwa hadi Shs. 500,000/-.

Neno la mwisho kwa wale wanaotishwa. Sheria iliyoanza Desemba 2021 iliwaweka wakopeshaji wa simu chini ya Benki Kuu, na kanuni za 2022 zinakataza matusi, vitisho na kuwapigia simu jamaa wa mdaiwa ili kumwaibisha. Deni ni haki kulipwa. Aibu si sehemu ya deni.

Maswali

1. Andika madeni ya nyumba yako, na mbele ya kila deni uandike linachokula kwa mwezi. Ni lipi linalouma zaidi?
2. Kwa nini Shs. 206/- katika mfano wetu si hasara?
3. Nyumbani mwako, ni nani asiyejua habari za madeni? Utamwambia lini?