Picha za Kuta na za Maji: Rangi, au Nyeusi na Nyeupe?

Yapata kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori zimesimama kuta za mawe za Thimlich Ohinga. Zilijengwa karibu na karne ya 16, wala hapakutiwa udongo wala chokaa kati ya jiwe na jiwe. Kila jiwe limeshikwa na uzito wa mengine. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mpiga picha afikaye hapo, awe na kamera kubwa au simu ya mkononi, hana budi kuamua kama picha yake itakuwa ya rangi ama nyeusi na nyeupe.

Jambo hili si la urembo tu. Ukuta wa namna hii huanza kutumbuka polepole kabla ya kuanguka, na picha njema ya zamani yaweza kuwaonyesha mafundi jiwe gani lilikaa wapi.

Katika picha ya rangi jicho hukimbilia kwanza majani mabichi, mbingu ya samawati, na shati jekundu la mgeni aliyesimama mlangoni. Rangi ikiondolewa, hubaki mwanga na kivuli, na hapo ndipo mpango wa mawe huonekana: yale makubwa, vijiwe vilivyojaza nafasi, na kizingiti cha jiwe juu ya mlango mfupi. Lakini picha hiyo yahitaji mwanga wa ubavuni, upitao sambamba na uso wa ukuta, ili kila jiwe litupe kivuli chake. Saa 6 mchana jua la nchi hizi huwa karibu na utosi, na kamera hutatizwa na weupe mkali juu na weusi chini. Afadhali saa 1 au saa 2 asubuhi, au alasiri jua likiinama. Boma kubwa liitwalo Kochieng' ni la mviringo. Basi mtu akilizunguka bila haraka, atapata sehemu ambayo jua linaipita ubavuni. Wengi hupiga picha wakiwa mlangoni tu, wakaenda zao.

Hata hivyo kuna mambo ambayo picha nyeusi na nyeupe huyaficha. Jiwe lililorudishwa ukutani karibuni halina bado ile mimea midogo ya madoadoa iotayo juu ya mawe ya kale. Rangi hulifichua mara moja. Tena nyekundu na kijani huweza kutoka kijivu kimoja, zisitambulike kabisa.

Hilo huonekana wazi Homa Bay, ufukoni mwa Ziwa Victoria, penye mashua za wavuvi zilizopakwa rangi. Nakshi nyekundu juu ya ubao wa kijani, ikipigwa bila rangi, yaweza kupotea yote, pamoja na taswira yake majini. Hapo rangi ndiyo ifaayo.

Taswira ya majini ina kanuni zake. Yafaa kufika alfajiri, kwa kuwa mchana upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu na kuvunja uso wa maji. Kamera ishushwe karibu na maji, maana kadiri mtu atazamavyo kwa kulala ndivyo maji yarudishavyo mwanga mwingi zaidi. Lenzi ilengwe kwa umbali wa mashua yenyewe, si wa uso wa maji, ingawa taswira huonekana kana kwamba imelala juu yake. Nayo taswira huwa nyeusi kidogo kuliko kitu chenyewe; basi mwanga upimwe kwa mashua, kwa maana ukipimwa kwa taswira, mashua itatoka nyeupe mno. Gugu maji likifunika ghuba, hapana la kufanya ila kungoja upepo uliondoe.

Mwenye kamera ya kisasa na aihifadhi picha yake ya rangi, hata kama ataipenda zaidi bila rangi. Rangi huondolewa baadaye bila taabu, bali picha iliyohifadhiwa nyeusi na nyeupe peke yake haiwezi kurudishiwa rangi zake za kweli. Na kwa picha za kuta, iandikwe tarehe, saa, na mahali mpiga picha aliposimama, ili mwaka ujao mwingine asimame papo hapo na kulinganisha.