Kufundisha Utabaka katika Goodbye, Columbus
Mwalimu wa Goodbye, Columbus (1959) ya Philip Roth hushawishika kuanza na historia ya Wayahudi wa Marekani. Heri aanze na jokofu. Akina Patimkin, waliotajirika kwa biashara ya sinki, walihamia Short Hills na jokofu lao kuukuu la Newark. Sasa limo ghorofa ya chini, limefurika matunda. Neil Klugman, mfanyakazi wa maktaba ya Newark, analikodolea macho. Yeye pia ni Myahudi, ila dini moja haijawafanya tabaka moja. Je, anampenda Brenda Patimkin au anayatamani matunda? Swali hili lisiharakishwe. Mvulana mweusi anayeduwalia picha za Gauguin maktabani humo hutatiza kila jibu jepesi.